Umri wa Langoni

Wahenga walisema kuwa njia ya mwongo ni fupi. Methali hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwanza nikiwa mwalimu wa kawaida, kisha nikiwa mwalimu mkuu, na wanafunzi wangu wakainakili katika madaftari yao kwa mwandiko mzuri. Lakini katika miaka yote hiyo, mwongo wa methali alikuwa mtu mwingine. Alikuwa mwanafunzi aliyetoroka shambani, au karani aliyekula fedha za madawati, au mzazi aliyesema mtoto anaumwa kumbe amempeleka kuchunga. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitamkuta mwongo huyo ndani ya gari nililopanda mimi mwenyewe, nami nimekaa kiti cha mbele, nimefunga mkanda, na fimbo yangu iko magotini.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Desemba. Watu wasioufahamu mji wa Arusha hudhani kwamba huku ni baridi mwaka mzima. Ni kweli kwamba mwezi wa Juni na Julai tunavaa masweta, na Mlima Meru hujificha katika ukungu siku nyingi mfululizo kana kwamba hautaki kuonana na watu. Lakini tangu mwisho wa mwaka hadi Februari, kabla masika hayajafika, jua la hapa huwa kali kweli kweli. Barabara za udongo hugeuka unga, migomba hukunja majani yake adhuhuri, na mlima husimama wazi tangu kilele hadi miguuni. Katika joto la namna hiyo, mwanangu anayefanya kazi Dodoma alikuja nyumbani na mkewe na watoto wao watatu, na watoto wakaomba wapelekwe kwenye michezo ya maji.

Mimi nilikuwa na maoni yangu. Niliwaambia habari za Ziwa Duluti, lililomo ndani ya shimo la volkano ya kale, karibu sana na soko la Tengeru. Niliwaambia habari za Ngurdoto, ambako hifadhi ilianzishwa mwaka 1960, na mtu anaweza kusimama ukingoni na kuwatazama nyati chini kama sisimizi. Mjukuu wangu mkubwa alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Babu, huko kuna kuteleza?" Nikasema hakuna. Basi shauri likawa limekwisha. Mwenzake shuleni alikuwa amewasimulia juu ya mitelezo ya maji ya Kunduchi, Dar es Salaam, na tangu siku hiyo hawakutaka kusikia kitu kingine. Nje kidogo ya mji wetu pana mahali padogo pa namna hiyo, pana mabwawa mawili, bembea, farasi wa bati wanaozunguka, na bomba kubwa la bluu lililopindapinda. Mtoto hupanda ngazi hadi juu, huketi, maji humsukuma, naye hutokea chini bwawani akipiga kelele. Tukaenda huko.

Langoni palikuwa na bango. Watoto walio chini ya miaka mitano huingia bure. Kuanzia mitano hadi kumi na miwili hulipa nusu. Wakubwa hulipa kamili. Foleni ilikuwa ndefu na kivuli hakikuwapo. Mjukuu wangu wa mwisho, msichana, alikuwa ametimiza miaka sita mwezi wa Oktoba. Nalijua hilo barabara kwa sababu alikuwa hasemi jambo jingine. Januari angeanza darasa la kwanza, sare ilikwisha kununuliwa, na kila mgeni aliyefika nyumbani kwangu alisalimiwa kwa shikamoo na kupewa habari hiyo kabla hajapata kiti. Lakini ni mdogo wa mwili, kama alivyokuwa bibi yake.

Tulipofika dirishani, mwanangu alisema, "Wakubwa watatu, watoto wawili nusu. Huyu mdogo ana miaka minne."

Mtoto aliinua uso. Alifungua mdomo, na nadhani herufi ya kwanza ya neno "sita" ilikwisha kutoka. Mama yake akamwekea mkono begani. Msichana wa tiketi hakutazama hata kidogo. Alitoa utepe mweupe wa bure akamfunga mtoto mkononi, na wengine wakafungwa wa njano. Tukaingia. Mimi nilisikia kila neno, na sikusema kitu.

Ndugu msomaji, kabla sijaendelea, nataka nieleze kwa nini nilinyamaza, maana sababu za kunyamaza kwetu ni darasa kubwa kuliko sababu za kusema. Kwanza, jua lilikuwa kali, na nyuma yetu walikuwapo watu wengi. Pili, aliyekuwa akilipa ni mwanangu, wala si mimi, na mgeni wa mfuko wa mtu hana sauti. Tatu, nilijiambia kwamba ni jambo dogo. Bei ya nusu tiketi ile isingetosha kununua soda za mchana huo. Nne, na hii ndiyo ya ukweli zaidi, aliyesema uongo alikuwa mwanangu. Angekuwa mtoto wa jirani, ningekohoa.

Asubuhi ilikuwa nzuri, siwezi kukana. Nilikaa chini ya mwavuli wa nyasi nikaangalia. Pana furaha ya aina yake katika kuwaona watoto wako na watoto wao wakicheka pamoja, na mtu wa umri wangu huihesabu furaha hiyo kama mtu anavyohesabu akiba. Tulikula mishikaki na chipsi kwa bei ya kutisha. Mkamwana wangu aliniletea maji kila baada ya muda, akiniuliza, "Baba, jua halikuzidi?" Nikasema halijazidi.

Saa nane hivi, yule mdogo alinijia amelowa, akanishika mkono, akaniomba nimsindikize kwenye bomba la bluu. Kaka zake walikuwa wameshateleza mara kumi. Tukapanga foleni. Kijana aliyesimama chini ya ngazi alikuwa mpole, akawa anamwuliza kila mtoto umri wake, maana bango la pale lilisema wazi kwamba walio chini ya miaka sita hawaruhusiwi. Zamu yetu ilipofika, akainama akamwuliza, "Una miaka mingapi, mrembo?"

Mtoto hakumjibu. Alinigeukia mimi. Akaniuliza, si kwa hila wala kwa utani, bali kama anavyouliza mtu asiyeijua kanuni na anayetaka kuifuata, "Babu, hapa nina miaka mingapi?"

Nimeulizwa maswali mengi na watoto. Nimeulizwa Mungu anakaa wapi, na kwa nini mwezi unatufuata, na kwa nini walimu hawachapwi. Hakuna lililonikata pumzi kama lile. Katika saa tano tu, mtoto yule alikuwa amejifunza kwamba umri si kitu alicho nacho, bali ni kitu kinachotegemea mahali. Langoni ni minne. Bombani huenda ni sita. Nyumbani, nani ajuaye? Alikuwa amekuja na jambo moja duniani alilolijua kwa hakika kuhusu nafsi yake, nasi tukamnyang'anya ili tuokoe bei ya soda.

Nilisema, "Una miaka sita." Kijana akautazama utepe mweupe, akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Mzee, huu ni wa chini ya mitano. Samahani, siwezi kumruhusu." Na alikuwa na haki. Kanuni ile haikuwekwa kwa ajili ya fedha, iliwekwa kwa ajili ya shingo na mifupa ya watoto. Ukitaka atuamini kwenye bomba, ungeanza kuaminika langoni.

Basi nilifanya jambo ambalo hadi leo sijui kama lilikuwa jema. Nilimshika mtoto mkono, tukatembea katika jua lile hadi dirishani. Msichana wa tiketi aliniamkia, "Shikamoo mzee." Nikaitikia, nikamwambia kwamba mtoto huyu ana miaka sita, asubuhi tulisema uongo, na nimekuja kulipa. Alicheka kidogo. "Aa, mzee, si neno, acha tu." Nikamwambia, "Si wewe unayeniacha, mwanangu, ni huyu anayenitazama." Nikalipa. Akamfungia utepe wa njano. Mtoto aliruka njia nzima kurudi bombani, akateleza mpaka akachoka.

Mwanangu alikuwa ameona kila kitu kutoka mbali. Hakusema neno. Njiani kurudi nyumbani hakusema neno. Mkamwana alijaribu kuzungumza juu ya foleni za magari za Sakina, kisha naye akanyamaza. Watoto walilala.

Usiku ule, walipokwisha kulala, alitoka akaja kukaa nami barazani. Mlima ulionekana mweusi mbele yetu. Baada ya muda mrefu akasema, "Baba, ungeniambia pale pale langoni. Ningelipa. Badala yake ulinyamaza, halafu ukaenda kunifanya mwongo mbele ya mtoto wangu."

Nilitaka kumjibu kama mwalimu mkuu. Nilikuwa na jibu tayari, lenye methali mbili. Lakini maneno yake yalikuwa na ukweli, na mtu aliyetembea juani kuutetea ukweli mchana hawezi kuukimbia usiku. Nikamwambia, "Umesema kweli. Nilichelewa." Tukakaa kimya tena, lakini kimya kile kilikuwa cha namna nyingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari jambo hili: je, upo uongo mdogo? Na kama upo, udogo wake hupimwa kwa kipimo gani?

Wanaoutetea uongo wa langoni huwa na hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba mwenye mahali ni tajiri, hatapungukiwa. Ya pili ni kwamba kila mtu hufanya hivyo. Ya tatu ni kwamba mtoto haelewi. Hoja ya tatu imekwisha kujibiwa na mtoto mwenyewe, kwa hiyo nitazitazama mbili zilizobaki.

Kwamba tajiri hatapungukiwa ni kweli kwa hesabu ya siku moja. Lakini hoja hiyo haisemi kwamba nina haki ya kuchukua. Inasema tu kwamba sitagunduliwa na kwamba sitaonekana mkatili. Mwizi wa mahindi husema hivyo hivyo juu ya shamba kubwa. Tena, mtu anayeipima haki kwa ukubwa wa mfuko wa mwenzake hana budi kuwa na orodha ya watu anaoruhusiwa kuwadanganya, na orodha ya namna hiyo hairefuki polepole.

Hoja ya kila mtu inanikumbusha habari za Marekani. Mwezi Julai mwaka 1955, Walt Disney alifungua bustani yake maarufu ya michezo kule Anaheim, California, ambayo ndiyo imekuwa mfano wa bustani nyingi za namna hiyo duniani. Siku ya kwanza, tarehe 17, ilikuwa ya walioalikwa tu. Joto lilifikia kiasi cha nyuzi 38. Watu wengi sana waliingia kwa tiketi za bandia, na inasimuliwa kwamba mtu mmoja aliweka ngazi kwenye uzio akawa anawapitisha wengine kwa malipo. Ndani, umati ukazidi uwezo wa mahali. Chakula kikaisha. Mabomba ya maji ya kunywa yalikuwa machache kwa sababu ya mgomo wa mafundi bomba. Lami iliyomwagwa karibuni ikalainika kwa joto hata visigino vya viatu vya wanawake vikazama. Nina hakika kila aliyekuwa na tiketi ya bandia siku ile alijiona ni mmoja tu, na mmoja hawezi kuharibu sikukuu. Wote walikuwa mmoja mmoja. Na wote walikuwa na kiu pamoja na wale walioalikwa kwa haki.

Sisi nasi tuna mfano wetu wa nyumbani, tena wa umri hasa. Timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilifuzu kucheza fainali za Afrika za mwaka 2005 kule Gambia, kisha ikaondolewa kwa sababu ilimtumia mchezaji aliyezidi umri. Wenzake, vijana waliokuwa na umri halali na jasho halali, wakabaki nyumbani. Taifa lilingoja hadi mwaka 2017 kuiona timu hiyo katika fainali. Mtu mmoja huandika tarakimu moja badala ya nyingine katika fomu, na vijana wengine hulipa kwa ujana wao, ambao haurudi.

Basi ningeweza kufunga hapa, nikasema kwamba uongo mdogo haupo, na kila msomaji akaenda zake ameridhika. Mwanafalsafa Kant wa Ujerumani alifika huko huko. Mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akibisha hodi akakuuliza aliko rafiki yako uliyemficha, huna ruhusa ya kumwambia uongo. Watu wengi wameusoma mfano huo wakatikisa kichwa, na mimi ni mmoja wao. Kama muuaji akija, nitamwambia rafiki yangu amekwenda Namanga, nami nitalala usingizi. Lakini si muuaji anayenisumbua. Anayenisumbua ni mama mmoja.

Ilikuwa katika miaka ya 1980. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka hali ilivyokuwa. Elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imeleta watoto wengi sana shuleni, lakini nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, hata shule nzima ya msingi iliweza kutoa mwanafunzi mmoja au wawili, na miaka mingine hakuna. Ukishindwa mtihani wa darasa la saba, mlango ulifungwa. Kurudia hakukuruhusiwa. Kwa hiyo ukazuka ujanja ulioenea nchi nzima: mtoto alirudishwa darasani kwa jina la mwingine aliyeacha shule au aliyehama, akapunguziwa umri, akafanya mtihani tena. Wako watu wazima leo, wengine wakubwa serikalini, wanaoitwa majina ambayo mama zao hawakuwapa.

Mjane mmoja alinijia ofisini. Binti yake alikuwa na akili, lakini wiki ya mtihani baba yake alikuwa anazikwa. Mtoto alikaa katika mtihani ule kama mtu aliyelala. Mama aliniomba nimwandike tena kwa jina la mwanafunzi aliyehamia Babati, na nimpunguzie miaka miwili. Hakuleta fedha. Alileta ndizi, akaziacha nje ya mlango kwa haya.

Nilimkatalia. Nilimwambia kwamba shule yangu haina uongo. Nadhani nilitumia maneno hayo hayo. Hakuketi, maana sikumwambia aketi. Mazungumzo hayakufika dakika tano. Nakumbuka kwamba alipotoka nilijisikia vizuri.

Nimelichunguza jambo lile mara nyingi, na bado naamini kwamba kumkatalia kulikuwa sahihi. Nafasi zilikuwa za kuhesabu. Kila mtoto aliyerudia kwa jina la bandia alikalia kiti cha mtoto aliyefanya mtihani kwa mara ya kwanza, na mtoto huyo naye alikuwa na mama, ila mama huyo hakuwa ofisini kwangu kulia. Mwenye kushika rejesta ndiye mtetezi wa wasiokuwapo. Hilo sitalikana.

Lakini wakati huo huo vilikuwapo vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa tangu mwaka 1975 kwa ajili ya watu wa namna ile hasa. Zilikuwapo shule binafsi na za makanisa, chache, lakini zilikuwapo, na mimi nilifahamiana na wakuu wake. Zilikuwapo barua ambazo mwalimu mkuu angeweza kuandika jioni moja kwa taa ya chemli. Sikuandika hata moja. Nilimnyima uongo, na hilo lilikuwa wajibu wangu. Kisha nikamnyima na msaada, nikadhani kwamba wajibu umekwisha. Ukweli wangu haukunigharimu kitu. Ulimgharimu yeye.

Sasa iweke siku ile ofisini karibu na siku ile langoni. Uongo wa mjane ungemfungulia mtoto njia ya maisha, nami niliukataa bila hata kumpa kiti. Uongo wa mwanangu ulituokolea bei ya soda, nami niliunyamazia hadi saa nane mchana. Kama ukweli ndio uliokuwa ukinitawala, ungetawala mahali pote pawili. Wala siwezi kujisifu kwa safari ya dirishani, maana bila swali la mtoto nisingekwenda. Kwa hiyo nashuku kwamba kilichonitawala mara zote mbili hakikuwa ukweli bali cheo. Kwa mgeni maskini nilikuwa mkali kwa sababu ukali haukunipunguzia kitu. Kwa mwanangu nilikuwa mpole kwa sababu ukali ungeharibu pikiniki yangu. Hatari ya sisi tuliofundisha adili ni hiyo: tunazoea kuutumia ukweli kama fimbo, na fimbo haimchapi anayeishika.

Wazee wetu wa mlima huu waliujua ukweli wa namna nyingine. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi. Walichanga fedha, wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet hadi New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza yaliyotokea. Hawakurudishiwa ardhi siku hiyo. Walilipa gharama wao wenyewe, kutoka mifukoni mwao, ili jambo lisemwe lilivyo mbele ya wenye nguvu kuliko wao. Nadhani hicho ni kipimo kizuri. Ukweli unaomgharimu msemaji na kumwinua mnyonge ni tofauti na ukweli unaomgharimu mnyonge na kumwinua msemaji, hata kama maneno ni yale yale.

Na uongo nao una kipimo chake, ambacho nimejifunza kwa mtoto wa miaka sita. Usiuulize uongo unaokoa shilingi ngapi. Uulize ni nani atakayeubeba. Mwanangu aliusema pale dirishani kwa pumzi moja, akausahau kabla hajarudisha pochi mfukoni. Aliyeubeba ni mtoto. Yeye ndiye aliyefungwa utepe mkononi, yeye ndiye aliyepaswa kukumbuka ni wapi ana minne na ni wapi ana sita, na yeye ndiye aliyefika mbele ya kijana mpole akakosa la kusema. Uongo wa wakubwa mara nyingi huwa hivyo. Hausemwi juu ya mtoto tu. Hukabidhiwa kwake aushike, kama mzigo wa sokoni anaopewa mdogo kuliko wote kwa kuwa hawezi kukataa.

Mwanangu na mimi tulikubaliana barazani usiku ule kwamba kila mmoja alikuwa amekosea kwa zamu yake. Yeye alisema jambo lisilo kweli. Mimi nililisikia nikaliacha, kisha nikalirekebisha kwa namna iliyomfundisha mtoto ukweli na kumwaibisha baba yake kwa wakati mmoja, wakati neno moja la chini chini langoni, "Mwanangu, ana sita," lingetosha. Anayeuchelewesha ukweli huulipia riba, na mara nyingi riba hiyo hulipwa na mtu mwingine. Asubuhi yake, mwanangu alimwita binti yake akamwambia, mbele yangu, kwamba jana baba alikosea kumtaja umri. Mtoto alimtazama, akasema, "Najua, baba. Babu alilipa." Kisha akakimbia kucheza. Kwake hesabu ilikuwa imefungwa.

Yangu haijafungwa. Binti wa yule mjane, ambaye sasa ni mama wa makamo, huuza ndizi Tengeru siku za soko. Sikumtafuta; nilimkuta tu miaka kadhaa iliyopita nikiwa na kikapu changu. Alinitambua kabla sijamtambua. Huniita mwalimu. Ameshalea watoto wanne, na wa kwanza amemaliza chuo cha ualimu. Kila ninaponunua kwake huniongezea ndizi tatu au nne juu ya nilizolipia, akisema, "Nyongeza, Mwalimu." Sijawahi kumwuliza kama anakumbuka ndizi ambazo mama yake aliziacha nje ya mlango wangu. Mtu mwenye mdomo uliofundisha kusema kweli kwa zaidi ya miaka thelathini angepaswa kuweza kulisema hilo.

Jumamosi ijayo nitakwenda tena. Nitalipia ndizi, na zile za nyongeza nitaomba nizilipie pia. Kisha nitamwomba nafasi ya kukaa kidogo, kama kiti kipo.